Dobi Aliyechutama

"Mshtakiwa ataingia bafuni, na atasimama humo kama alivyokuwa siku ile."

Hayo ndiyo maneno ya hakimu yaliyokufanya ulikunje gazeti wiki iliyopita, msomaji, ukabaki unajiuliza: kama alivyokuwa siku ile, ndiyo kusema uchi? Usione haya. Ua mzima wa dobi ulikuwa ukijiuliza hilo hilo. Watu walikuwa wamepanda ukuta wakapangana kama kuku juu ya tawi, na waliochelewa wakawa wanawaomba waliowahi wawasimulie.

Dobi mwenyewe hakuuliza. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha kwanza cha koti.

Ni mtu wa miaka hamsini na minane, amefiwa na mke, na nguo za mtaa ule amezifua na kuzipiga pasi kwa miaka thelathini. Wakubwa wakimwambia kaa, anakaa. Wakimwambia vua, atavua. Alikuwa ameshafika kifungo cha pili wakili wake aliporuka mbele.

"Mheshimiwa! Mahakama inamwamuru mtu atende kosa lile lile analoshtakiwa nalo?"

Hakimu, mama wa makamo asiyependa jua, alimtazama dobi, akatazama umati, akavua miwani.

"Nimesema mahali, sikusema mavazi. Mzee, funga koti lako."

Ukuta ukaangua kicheko. "Avue tu!" akapayuka mmoja. "Wengine tumeacha kazi zetu!"

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa fundi viatu, kisa chenyewe ni kifupi. Bafu la dobi ni mabati matatu na mlango, halina paa, liko nyuma ya nyumba yake, na ameoga humo tangu binti yake hajaota meno. Miaka miwili iliyopita jirani akajenga ghorofa nyuma ya ukuta. Mwenye jengo, ambaye mtaa humwita Mama Ghorofa hata machoni pake, akapata roshani. Alianza kwa kulalamikia kamba za kuanikia. Wageni wake, alisema, wanakunywa chai huku wakitazamana na chupi za watu.

Dobi alimjibu barabarani, watu wakisikia. "Mama, mimi sikulihamia ghorofa lako. Ghorofa lako ndilo lililokuja kunichungulia."

Mtaa ulicheka siku tatu. Siku ya nne, tarehe tisa mwezi wa tatu, Mama Ghorofa alikwenda polisi akaeleza kwamba asubuhi hiyo amemwona dobi bafuni, uchi wa mnyama, amemwelekea yeye, kwa makusudi kabisa.

Kosa lake linaitwa kujianika uchi hadharani, na kifungo chake ni miaka miwili. Lakini miaka miwili hupita. Anayempa dobi nguo zake amempa na siri zake, na dobi akishaitwa mtu mchafu, hakuna mama atakayemkabidhi tena hata foronya. Na Jumamosi ijayo binti yake, mtoto wake pekee, anaolewa.

Sasa tuendelee.

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alisema, kijana mwenye sauti ya kutangaza mpira, "kabla hatujapanda juu. Maelezo ya mshtakiwa kule polisi yanasema alikuwa amechutama. Naomba achutame, mahakama ione kila hali."

Wakili aliruka tena. "Tumeshalizungumza hili! Ile ni methali!"

Na kweli ilikuwa methali. Siku ile dobi alipoitwa kituoni alitaka yaishe. Alisimama mbele ya koplo na mbele ya Mama Ghorofa, akasema kwa adabu zake zote: "Afande, mimi sitaki magomvi na jirani. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nimevuliwa, nimechutama. Tusameheane."

Koplo aliandika: *Mshtakiwa anakiri kuwa alikuwa amevuliwa nguo na kwamba alichutama. Anaomba msamaha.*

Dobi akatia sahihi bila kusoma, maana alimheshimu koplo.

"Kila mtoto wa darasa la nne anaijua methali hiyo," wakili alisema, akimgeukia koplo. "Mtu mwenye heshima akiaibishwa hashindani, hukubali yaishe. Wewe hukufundishwa?"

"Nilifundishwa," koplo alisema bila kukasirika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo baya zaidi. "Lakini mimi naandika ninachoambiwa. Fomu haina sehemu ya methali."

Hakimu alipumua. "Mahakama inaijua methali. Inaijua na sahihi pia. Achutame."

Tangu maelezo yale yasomwe mahakamani mwezi uliopita, dobi hakupita sokoni bila kukiona kile ambacho angekiona punde ukutani. Wauza mboga walipomwona anakuja walikuwa wakichutama, safu nzima, mikono magotini, kimya, mpaka apite. Hawakumtukana hata siku moja. Wangemtukana angejua la kujibu.

Dobi akaingia bafuni, akachutama. Suruali aliipiga pasi mwenyewe alfajiri ile, mstari umenyooka, na alipokunja magoti aliuona mstari unavunjika. Juu ya ukuta, wenye nafasi nao wakachutama.

"Aibu!" sauti moja ilipaa kutoka kwenye kamba za nguo. "Huyu ni mzazi wa mtu!"

Alikuwa Mwalimu, mchumba wa binti, kijana mwembamba anayefundisha hesabu. Shangazi yake, aliyekuja naye kama mkaguzi, alimvuta shati.

"Nyamaza wewe. Ndiyo nyumba unayotaka kuoa hii? Baba mtu anachutama mbele ya watu wazima?"

"Shangazi, jana nilimwambia Baba, na leo nasema mbele yako. Hata wakimfunga, binti yake naoa."

Dobi alilisikia neno hilo akiwa chini pale, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona anaweza kuinuka. Aliinuka. Binti yake alikuwa ameshika ncha ya shuka iliyoanikwa, anaikunja na kuikunjua. Hakumtazama baba yake. Dobi akasema moyoni, anaona haya kwa ajili yangu, maskini.

Hakimu aliagiza mlango wa bafu uachwe wazi, kisha akauzunguka ukuta na kupanda ghorofani pamoja na karani, koplo, mawakili wa pande mbili na Mama Ghorofa mbele yao, amevaa kama anakwenda arusini. Roshani iko karibu na bafu kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Kila neno lilimfikia dobi.

"Mshtakiwa, tazama huku. Naona kichwa," hakimu alisema. "Karani, andika: kichwa, na sikio moja. Mabati yameficha kilichobaki."

"Mheshimiwa," wakili alisema, na furaha ilimponyoka, "huyu mama aliiambia mahakama yako ameona kila kitu. Kila kitu cha huyu mzee kiko sikioni?"

Ukuta ulicheka, na safari hii ulimcheka mwingine. Dobi akajikuta anatabasamu.

"Na sheria iko wazi," wakili aliendelea, maana hii ilikuwa kesi yake ya kwanza na alikuwa hajalala kwa kuisoma. "Kuna kesi ya Mpaka Rangi, suruali ilimchanika juu ya ngazi mbele ya kanisa zima. Mahakama ilisema nguo kumsaliti mtu si kosa la mtu, lazima awe amekusudia kuonwa. Na kuna kesi ya Muogaji wa Mtoni. Yule alitiwa hatiani hata kama alikuwa peke yake, kwa sababu mtoni mtu yeyote hupita bila kubisha hodi. Hadhara si watu, Mheshimiwa, hadhara ni njia. Sasa, nani anapita bafuni kwa mteja wangu bila hodi?"

"Umeiruka kesi ya Dirisha," mwendesha mashtaka alisema.

"Naifahamu."

"Basi isome. Mtu alisimama uchi kwake, dirishani, bila pazia, na njia iko mbele. Alisema nyumba ni yangu. Mahakama ikamwambia ukuta ni wako, macho ya mpita njia si yako. Jicho la kawaida likikuona bila juhudi, uko hadharani hata ukiwa kitandani kwako."

"Bila juhudi! Umesema mwenyewe, bila juhudi! Hapa anaona sikio!"

Hakimu aliinua mkono. "Basi hapo ndipo kesi ilipo. Je, mtu anayefanya shughuli zake za kawaida hapa, bila kujihangaisha, anamwona mshtakiwa? Hadi sasa naona hamwoni."

Dobi alifumba macho. Kama angekuwa na mtu wa kumkumbatia bafuni mle, angemkumbatia.

Usishangilie, msomaji. Mama Ghorofa hajafungua kinywa.

"Mheshimiwa," sauti yake ilishuka tamu, ya mtu anayewakaribisha wageni mezani, "mbona hamniulizi nilisimama juu ya nini?"

Akaingia ndani. Akatoka na kigoda.

"Mimi ni mfupi, kama mnavyoniona, na hapa juu nina kamba yangu ya taulo. Sifiki. Kila asubuhi nasimama juu ya hiki, naanika, nashuka. Kimekuwa hapa hapa tangu nihamie. Nilikuwa naanika, nikageuka, nikakutana na mambo."

"Mheshimiwa, hiki ni kigoda cha kuchungulia!" wakili alipiga kelele.

"Ni kigoda cha kuanikia," mwendesha mashtaka alisema. "Shughuli ya kawaida. Jicho la kawaida."

Hakimu alikipanda, koplo amemshika kiwiko. Koti lake jeusi likajitokeza lote juu ya vyuma vya roshani. Zamani dobi ndiye aliyekuwa akilifua. Tangu kesi ianze limepelekwa kwingine, na kola ilimwonyesha hilo waziwazi.

"Sasa naona," hakimu alisema polepole. "Naona mpaka viatu."

Wakili akaanza kupekua makaratasi yake.

Dobi alikuwa anatazama juu. Katikati ya vyuma vya roshani aliviona viatu vya hakimu, chini ya viatu akakiona kigoda, na miguu minne ya kigoda. Mmoja ulikuwa mfupi, na ulikuwa umepigiliwa kipande cha raba ya kandambili, raba ya bluu.

Raba ile aliikata yeye. Kandambili ilikuwa yake.

Mwezi wa sita, meza aliyopigia pasi miaka thelathini ilivunjika mguu. Hakuwa na moyo wa kuichanja kuni. Alitoa ubao wa katikati, ule ulioungua umbo la pasi, akamtengenezea binti yake kigoda cha kukalia kazini, kwenye duka la dawa, anapopanga rafu za chini. Na kwa kuwa mkono wa dobi haujui kuacha kitu bila alama, alichukua ule wino usiofutika anaotilia alama nguo za wateja, akakipindua, akakichora. Kila nyumba mtaani ina alama yake kwa dobi: mstari, nyota, herufi. Ya binti yake ni duara lenye nukta katikati. Ni jicho, maana tangu mama yake afariki alimwita Mboni.

Mwezi wa sita. Na Mama Ghorofa amesema kigoda kilikuwapo mwezi wa tatu.

Dobi alihisi kifua kinapanuka. Kesi imekwisha! Maneno mawili tu: *kipindueni kigoda.* Aina yoyote ya wakili, hata huyu anayevaa tai kwa mara ya kwanza, angeimaliza. Alifungua mdomo.

Halafu swali la pili likaja, kwa kuchelewa, kama wajavyo wageni wabaya. Kigoda kimefikaje huko juu?

"Mboni, kigoda changu kinakufaa?" alikuwa amemuuliza mwezi wa saba.

"Sana, Baba. Kiko dukani. Wenzangu wananionea wivu."

Mama Ghorofa ana mtoto wa kiume. Kijana mzuri, mcheshi, aliyekuwa akileta mashati yake mwenyewe kwa dobi na kukaa akisubiri hata yakiwa bado mabichi. Mwezi wa saba aliacha kuleta. Mwezi wa nane mama yake akamsafirisha kwenda kufanya kazi mbali, kwa haraka iliyoshangaza mtaa. Mwezi wa nane huo huo binti alimwambia baba yake kuwa yuko tayari kumkubali Mwalimu.

Dobi alifua mashuka ya watu miaka thelathini. Hakuna asichokijua kuhusu watu, isipokuwa cha nyumbani kwake.

"Nani anathibitisha kigoda hiki kilikuwapo tarehe tisa mwezi wa tatu?" wakili alikuwa anauliza kule juu, anatapatapa.

"Hilo ni swali la haki," hakimu alisema. "Nitalijibu hivi. Kama kilikuwapo, jicho la huyu mama lilikuwa la kawaida, na mshtakiwa ana shida kubwa. Kama kimeletwa baadaye, shahidi ameidanganya mahakama, na kesi naifuta sasa hivi, nikiwa bado nimesimama juu yake. Mshtakiwa! Wewe ndiye unayeishi chini ya roshani hii. Unakifahamu kigoda hiki?"

Mama Ghorofa aliinama juu ya vyuma. Akamtazama dobi machoni, akatabasamu, na dobi akajua kwamba anajua. Alishakipindua. Alishaliona jicho. Mtu mwingine angekichoma moto kigoda kile, kumfichia mwanawe. Yeye alikitunza, akakileta hapa, akakiweka chini ya miguu ya hakimu, kwa sababu ni kigoda kimoja tu duniani ambacho dobi hawezi kukitaja.

"Sema, jirani," alimwambia. "Au macho yamezeeka? Basi tumuulize kijana." Akainua shingo, akaita kuelekea kwenye kamba. "Mwanangu! Wewe binti wa hapo! Hebu waambie wakubwa, kigoda hiki umewahi kukiona?"

Shangazi akageuka. Mwalimu akageuka, anamtabasamia mchumba wake ili asiogope.

"Sijawahi kukiona," binti alisema.

Alisema haraka, na hakutazama juu. Mtu asiyekijua kitu kwanza hukitazama. Ua mzima haukuliona kosa hilo isipokuwa baba yake, aliyemfundisha kutembea, na Mama Ghorofa, aliyezidi kutabasamu.

Iliuma. Nisikufiche, msomaji, iliuma kuliko soko zima la wachutamao. Asingemlaumu kwa kijana wa ghorofa, damu ni damu. Lakini binti alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwake, anajua kila kitu, anamwona baba yake anazama, na kamba anayo yeye mkononi.

"Mshtakiwa, mahakama inasubiri."

Dobi anayajua madoa. La damu hutoka kwa maji baridi. La kutu hutoka kwa ndimu na chumvi, ukilianika juani. La utomvu wa mgomba halitoki, hata uchemshe. Nguo yenye doa hilo unaihamishia jikoni, na haitoki tena mbele za watu. Yeye ni nguo kuukuu. Akipata doa, atakwenda jikoni, basi. Binti ana miaka ishirini na mitatu. Na Mwalimu amesema, mbele ya shangazi yake, hata wakimfunga.

"Sikijui, Mheshimiwa."

"Mzee!" wakili alikaribia kuruka vyuma. "Mzee, fikiri vizuri! Umewahi kukiona mahali popote?"

"Nimesema sikijui. Kama mama anasema ni chake tangu zamani, ni chake."

Kisha akachutama.

Safari hii hakuna aliyemwamuru. Magoti yalikunjika yenyewe, akashika uso kwa mikono yote miwili, hapo hapo penye jiwe la kuogea. Ukuta ulidhani anaendelea kuwaonyesha. Walipiga makofi.

"Mahakama imeona," hakimu alisema akishuka kwenye kigoda, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha amua. "Hukumu Jumatatu. Kigoda kitakuwa kielelezo namba nne. Koplo, kichukue."

Tabasamu la Mama Ghorofa lilisita kidogo. "Kichukuliwe? Kigoda changu?"

"Ni cha mahakama sasa, mama."

Mwalimu hakungoja ruhusa ya shangazi. Alivuka ua, akaingia bafuni, akapiga goti kwenye maji ya sabuni na suruali yake safi, akamshika dobi mkono.

"Baba, inuka. Umesema kweli yako, yatosha. Nilisema naoa, na bado nasema. Jumamosi utanikabidhi binti yako mwenyewe, na kama Jumatatu watakuwa wamekufunga, nitamwomba huyo hakimu akutoe siku moja."

Dobi aliinuka kwa nguvu za mkono ule. Aliona binti yake ameachia shuka, anapumua, rangi imemrudi usoni. Basi, alijisemea. Nimevuliwa, lakini ni mimi. Yeye amevaa.

Ndipo koplo alipoingia uani.

Alikuwa amekishika kigoda mguu mmoja, kinaning'inia, tumbo nje. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza mpya ya pasi ya dobi, akakiweka juu yake kichwa chini miguu juu, akatoa fomu na kalamu. Ni mtu mwangalifu sana. Kielelezo hakiondoki mahali bila kuandikwa, na yeye huandika huku akitamka, ili karani amsikie na mtu asije akasema kesho kwamba hakusikia.

"Kigoda kimoja. Cha mbao. Miguu minne. Mmoja mfupi, una raba ya kandambili, bluu."

"Afande," dobi aliita. "Afande, hayo si utaandika kituoni?"

"Naandika ninachokiona, mzee, pale ninapokiona. Kwa chini, mbao imeungua, umbo la pasi." Akainama, akapangusa kwa kidole gumba. "Kuna mchoro wa wino. Duara. Katikati nukta. Kama jicho."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado umeshika mkono wa dobi, na dobi akausikia unapoa.

"Soma tena, afande."

"Duara, katikati nukta."

Kila Ijumaa binti alichukua mashati ya mchumba wake na kuyapeleka kwa baba yake, na kwa kuwa yalikuwa yanapita kwa mkono wake, dobi aliyatia alama ya binti, ndani ya kola, nyuma ya shingo. Mwalimu alikuwa akiliona jicho lile kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Aliwahi kuwaambia walimu wenzake, kwa majivuno, kwamba mchumba wake anamlinda shingo.

Aliuachia mkono wa dobi. Akatoka bafuni, akaenda mpaka kwenye meza, akakitazama kigoda. Halafu akainua macho kuelekea roshanini, taratibu, kama anayehesabu ngazi.

"Kuna nini tena?" shangazi aliuliza.

"Twende nyumbani," binti alisema, amemshika Mwalimu mkono wa shati. "Tafadhali, usitazame. Twende."

Hakimu alikuwa ameingia uani, karani nyuma yake, wakili nyuma ya karani. Kule juu Mama Ghorofa alikuwa amebaki peke yake kwenye vyuma, na hakuwa anatabasamu tena. Ukutani watu walikuwa wameinamia mbele, maana umati unajua kitu kikubwa kinapokuja hata kama haujui ni nini.

Mkono wa Mwalimu ukaenda kwenye kifungo cha kwanza cha shati lake. Akakifungua.

"Kijana!" hakimu alisema. "Unafanya nini mbele ya mahakama?"

"Nataka kusoma kola yangu, Mheshimiwa," Mwalimu alisema, na akafungua cha pili.